Vifuniko vya Viti vya Motokaa: Je, Vyastahili Fedha Yako?

Juma hili twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini lachukua fedha nyingi mifukoni mwa watu: vifuniko vya viti vya motokaa, ambavyo wengi huviita kava. Mtu akiisha kununua gari, hata kabla hajajua linakula mafuta kiasi gani, rafiki zake humwambia, “Ndugu yangu, usikae bure, vifunike viti hivyo upesi kabla havijaharibika.” Naye, kwa kuogopa kuonekana kuwa hajui kutunza mali, huenda dukani siku hiyo hiyo.

Hatusemi kwamba rafiki zake wamekosea. Wako watu ambao kwao vifuniko ni fedha iliyotumiwa vema, na wako wengine ambao kwao ni hasara tupu. Tena kuna jambo la uhai wa watu ndani yake, ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Basi yafaa tulitazame shauri hili hatua kwa hatua.

KIKINGWE NA NINI?

Jambo la kwanza ni kujiuliza, “Kiti changu nakikinga na nini?” Kiti cha gari huharibiwa na mambo manne. La kwanza ni msuguano wa nguo na mwili wa watu waingiao na kutoka. Ndiyo sababu kiti cha dereva huanza kuchakaa ukingoni, upande wa mlango. La pili ni vitu vya majimaji, kama jasho, maziwa, mafuta na uji wa watoto. La tatu ni jua, ambalo hufifisha rangi ya kitambaa na kuipasua ngozi. La nne ni vitu vyenye ncha, kama funguo, misumari na kucha za mbwa.

Chukua mwenye teksi mjini Nakuru. Kutwa nzima watu huingia na kutoka, huyu amelowa mvua, yule amebeba kikapu cha samaki. Au mkulima wa Kinangop, ambaye asubuhi hupakia makopo ya maziwa na jioni hurudi na viatu vyenye matope. Watu hawa hawana haja ya kushauriwa sana, maana viti vyao vimo vitani kila siku.

Lakini chukua mwalimu mwenye gari dogo, ambaye huendesha peke yake kwenda shuleni, na Jumapili huwapeleka watu wa nyumbani kanisani. Viti vyake vya nyuma karibu havikaliwi na mtu juma zima. Huyu akinunua vifuniko vya viti vyote vitano, anavikinga na adui gani? Pengine kinachomtosha ni kifuniko cha kiti kimoja cha dereva, na kitambaa cha kutandika nyuma siku watoto wanaposafiri.

HESABU YAKE

Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Basi tushike kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba vifuniko vizuri vya kushonwa vyagharimu shilingi 18,000, navyo hudumu miaka 3. Tuseme tena kwamba viti vikiisha kuchakaa kabisa, fundi atataka shilingi 30,000 kuvivika kitambaa kipya.

Viti vya mwenye teksi visipofunikwa vyaweza kuchakaa katika muda wa miaka hiyo 3. Kwa hiyo akitoa shilingi 18,000 ameepuka kutoa shilingi 30,000, na faida yake ni shilingi 12,000. Ama mwalimu wetu, viti vyake hata bila kufunikwa vyaweza kudumu miaka 9. Katika miaka hiyo atanunua vifuniko mara tatu, yaani shilingi 54,000, ili aokoe shilingi 30,000. Amepoteza shilingi 24,000, na huku akidhani kwamba ameweka akiba.

Hesabu hizi ni mfano, na bei za kweli hapana budi kuziuliza katika maduka mawili matatu na kwa fundi mmoja au wawili. Lakini njia ya kuhesabu haibadiliki: linganisha gharama ya kukinga na gharama ya kutengeneza, kwa muda ule ule.

Wengine husema, “Mimi nakinga viti ili siku nitakapouza gari nipate bei nzuri.” Neno hili lina kweli ndani yake, kwa maana viti safi humvuta mnunuzi. Lakini mnunuzi mwenye akili hutazama kwanza injini, bodi, magurudumu na karatasi za gari. Kiti kizuri peke yake hakiwezi kuongeza bei kuliko ile gharama ya kukitengeneza. Asiyeiangalia hesabu hii hukalia kitambaa kibaya miaka tisa, ili mtu mwingine aje akalie kiti kizuri.

KITAMBAA GANI?

Ukiisha kuona kwamba vifuniko vyakufaa, ndipo utakapochagua kitambaa, nacho chagua kwa kazi yako na hali ya hewa ya mahali pako, wala si kwa rangi peke yake.

Ngozi ya bandia haipitishi maji, na hufutwa kwa kitambaa chenye maji ikawa safi. Kwa sababu hiyo wenye matatu na teksi huipenda, na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, waliona faida yake walipokuwa wakifuta viti mara kwa mara. Lakini ngozi hii haipitishi hewa wala jasho. Gari lililosimama juani Mombasa au Lodwar, lenye viti vya ngozi ya bandia nyeusi, mtu hawezi kuyaegemea bila kuruka. Mtu wa nchi ya joto na achague rangi isiyo nyeusi, au atafute kitambaa kingine.

Turubai na vitambaa vizito vya pamba hupitisha hewa, vina nguvu, na vyaweza kufuliwa. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji upesi, na vingine hunywea baada ya kufuliwa visiingie tena mahali pake. Mahameli na vitambaa vyenye manyoya hupendeza na ni laini, lakini hushika vumbi, na nchi yetu ina vumbi jingi.

Mbaya kuliko vyote ni kile kifuniko kisemwacho kwamba chaingia katika kila gari. Kitu kiingiacho kila mahali huwa hakikai vema mahali popote. Huteleza mtu anapokaa, hujikunja mgongoni, na mchanga hupenya chini yake. Mchanga huo, ukisuguliwa kila siku kati ya kifuniko na kiti, hufanya kazi ya msasa. Hivyo kitu ulichokinunua kikinge kiti ndicho kikilacho. Maji nayo yakipita chini hukaa pale na kuleta uvundo na ukungu. Kwa hiyo hata vifuniko vizuri hapana budi kuvivua mara kwa mara, kuvipiga vumbi, na kuvipangusa viti vyenyewe.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Chukua leso nyeupe, uilowanishe kidogo, uisugue juu ya kitambaa. Ikitoka na rangi, nguo zako nazo zitatoka na rangi. Tazama mishono: mshono mmoja mwembamba utaachia upesi, lakini mishono miwili sambamba huvumilia. Mwisho, kivalishe kiti kimoja, ukae, uinuke, ukae tena. Kifuniko kikihama mahali pake dukani, kitahama zaidi njiani.

JAMBO LA UHAI

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko fedha. Magari mengi yaingiayo Kenya ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, na kanuni za nchi haziruhusu yaliyozidi umri wa miaka 8. Baadhi ya magari haya yana mifuko ya hewa ya kuokoa watu wakati wa ajali. Mfuko ulio ndani ya usukani haudhuriwi na kifuniko cha kiti. Lakini kuna mfuko mwingine uliofichwa ndani ya kiti chenyewe, katika ubavu wa maegemeo, upande wa mlango. Kampuni ya Volvo ya Swideni ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye mifuko ya ubavuni katika miaka ya 1990, na baadaye watengenezaji wengine wakafuata.

Kazi ya mfuko huu yafaa kufahamiwa. Gari likigongwa ubavuni, kati ya mlango na mbavu za mtu pana nafasi ndogo sana, labda shubiri moja. Mfuko hauna budi kupasua mshono wa kiti, kutoka, na kujaa hewa kabla mlango haujamfikia mtu, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mshono ule wa kiti umetengenezwa makusudi upasuke. Sasa, mtu akikivika kiti kifuniko kigumu, chenye mishono madhubuti pande zote, amefunga mlango ambao mfuko ulitakiwa kupitia. Huenda mfuko ukachelewa, au ukatokea upande usiotakiwa. Hivyo yule aliyetaka kuokoa kitambaa amehatarisha mbavu.

Basi kabla ya kununua, tazama ubavu wa kiti cha mbele, upande wa mlango. Ukiona kipande kidogo kilichoandikwa AIRBAG, au herufi SRS, jua kwamba mfuko umo. Kisha soma kitabu cha gari; kama kimeandikwa Kijapani, mtafute mtu wa kukusomea, au tafuta kitabu cha gari la namna hiyo hiyo kwa Kiingereza. Watengenezaji wengine hukataza kabisa vifuniko katika viti vya namna hii. Viko pia vifuniko vilivyoachwa wazi ubavuni, au vilivyoshonwa pale kwa uzi dhaifu ili upasuke. Lakini usikubali neno la muuzaji peke yake. Mwulize kama vilitengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa, na mshono ule akuonyeshe kwa kidole.

Fundi naye apewe onyo. Mara nyingi hung'oa kiti ili apate kupima na kushona vema. Chini ya kiti huwa kuna nyaya, na zile zenye vichwa vya rangi ya manjano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Hizo si za kuchezewa wala kukatwa. Kama kiti ni lazima king'olewe, kazi hiyo na ifanywe na mtu ajuaye umeme wa magari.

MIKANDA NA WATOTO

Jambo jingine ni mikanda. Tangu kanuni zilizoanza kushikwa kwa nguvu mwezi wa Februari 2004, matatu zimetakiwa kuwa na mkanda kwa kila abiria. Lakini mara nyingi mwenye gari akiisha kuvika viti vifuniko vya kupendeza, vifungio vya mikanda huzama chini ya kitambaa, na abiria hupapasa mpaka akate tamaa. Kifuniko kifichacho mkanda ni kibaya, hata kama ni cha bei kubwa. Nawe abiria, usione haya kumwambia kondakta, “Kijana wangu, nitolee mkanda huu, niufunge.” Ni haki yako.

Mwenye mtoto mdogo akumbuke pia kwamba kiti cha mtoto hufungwa juu ya kiti cha gari, nacho chatakiwa kikae imara. Kikiwekwa juu ya kifuniko kinene chenye sponji, au kile chenye kuteleza, hulegea wakati wa kishindo. Mahali hapo ni heri kiti kibaki bila kufunikwa, kikachafuka. Uchafu hufuliwa.

KWA ANUNUAYE GARI LA ZAMANI

Tena, ndugu msomaji, ukienda kununua gari lililotumika, na ukute limevikwa vifuniko vipya vinavyong'aa, usishangilie kabla hujavifunua. Omba kwa adabu uvivue, utazame chini. Ukikuta alama za maji, harufu ya uvundo, au kutu katika vyuma vya chini ya kiti, huenda gari hilo liliwahi kuingia mafurikoni, nayo maji yakiingia katika nyaya huleta taabu zisizokwisha. Muuzaji mwaminifu hatachukia kuombwa hivyo. Akikataa, umekwisha kupata jibu lako.

Basi, kwa ufupi, neno letu ni hili. Kama gari lako ni la kazi, nunua vifuniko vya namba nzuri, vilivyoshonwa kwa kipimo cha viti vyako. Kama gari ni la mtu mmoja na viti ni vizima, fedha hiyo iweke kwa ajili ya magurudumu na breki, ambazo hazingoji. Na kama kiti chako kina mfuko wa hewa ubavuni, usikifunike mpaka uwe na hakika kwamba mfuko utapata njia. Kitambaa kikichakaa, fundi atakupa kingine kwa siku mbili.