Msimkate Mnyapara



Kuna jambo linanikera. Ile picha maarufu ya Mfaransa Jean-François Millet, ya waokota masuke, aliyoichora mwaka 1857, siku hizi inachapwa na kuuzwa ikiwa imekatwa. Hapa Uingereza nimeiona kwenye korido ya hospitali, na nimeikuta hata sebuleni kwa Waswahili wenzetu. Akina mama watatu shambani, wawili wameinama, wa tatu kainuka nusu, basi. Mgeni akiingia anasifu: aisee, kijijini kuna utulivu!

Utulivu upi? Picha yenyewe iko Paris, Musée d'Orsay. Nyuma ya akina mama hao kuna marundo makubwa ya ngano, mkokoteni uliosheheni, kundi la wavunaji, na mbali kabisa upande wa kulia mtu juu ya farasi. Huyo ndiye mnyapara. Mavuno yote yale yana mwenyewe. Hao watatu ni maskini walioruhusiwa kuokota yaliyodondoka, suke moja moja. Millet kamchora mnyapara mdogo sana, kiasi kwamba ukipunguza ukingo kidogo tu katoweka, na kisa chote kimeondoka naye.

Watu wa 1857 waliielewa. Ilipoonyeshwa Paris, mapinduzi ya 1848 yalikuwa bado yanawanyima usingizi wenye mali, na baadhi ya wahakiki waliiona ni ya uchochezi. Leo hakuna wa kuwabana wachapaji. Millet alifariki 1875, hakimiliki ilikwisha zamani, mwenye mashine anakata apendavyo.

Mimi ni muuguzi, naangalia migongo kwa mazoea. Yule wa kushoto kaweka mkono mmoja mgongoni. Yule wa kulia hajanyooka, na anavyoonekana sidhani kama atanyooka sawasawa. Nimekulia kwenye kahawa, Mbozi, mkao huo naujua kwa mama zangu na shangazi zangu. Millet naye alikuwa mtoto wa wakulima wa Normandy, hakuhadithiwa.

Najua mtaniambia, dada acha siasa, hilo ni pambo la ukutani tu. Sawa. Mbona picha za wafalme hawakati taji? Anayetaka utulivu wa shambani, Millet huyohuyo anayo Angelus, mume na mke wamesimama kusali jioni kwenye shamba la viazi. Anunue hiyo, ingawa hata hao viazi vyao ni kikapu na magunia machache tu.

Wewe unayetaka waokota masuke, pima kabla hujalipa. Ile halisi ni sentimita 83.5 kwa 110, kwa hiyo nakala iliyo mraba au ndefu kwenda juu imeshakatwa. Halafu tazama kulia, juu, karibu na upeo wa macho. Kama farasi hayupo, mwachie mwenye duka picha yake.