Farasi Mwenye Mbawa

Tulipokuwa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, mzazi mmoja alitufungulia karatoni ya wanasesere alioundwa na mwanawe wa miaka 11: askari wa sayari za mbali, wa waya, vifuniko vya chupa na kandambili kuukuu. “Sheikh, niwachome?” Mtoto alisimama mlangoni, kainamisha kichwa.

Tulimkumbusha Bibi Aisha (R.A.), ambaye miongoni mwa wanasesere wake alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Alipoulizwa na Mtume (S.A.W.), alijibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa. Mtume akacheka hata magego yakaonekana, kama alivyopokea Abu Daud.

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu sanamu. Vya kuchezea watoto, wengi wao wameviruhusu. Basi ndugu, usichome. Keti naye, umuulize majina ya askari wake. Ila adhana ikilia, jeshi zima lipumzike.