Noeli Hii, Gari au Treni?

Noeli inapokaribia, familia nyingi za Dar es Salaam hujiandaa kwenda kwao Dodoma kwa gari. Baba hushinda kazini, jioni hufunga mizigo, na usiku hushika usukani kwa safari ya kilomita 450 hivi. Sisi wauguzi hatuupendi kabisa mpango huo. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha kama aliyekunywa pombe, na kahawa haiwezi kushika nafasi ya usingizi. Mtoto aliyepakatwa naye hana kinga: gari likigonga, mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia.

Tangu mwaka 2024 ipo treni ya umeme kati ya miji hiyo, inayofikia kilomita 160 kwa saa. Mama mjamzito aweza kusimama, kutembea na kwenda chooni, jambo linalosaidia damu isigande miguuni.

Wengine watasema gari hurudi na magunia ya karanga. Kweli, treni haitayabeba! Na anayekwenda Kondoa? Ashukie Dodoma, alale, apande basi asubuhi. Tiketi zikatwe mapema, maana siku za sikukuu nafasi hujaa.