UMEME WA NJIANI: NANI ATANGULIZWE?

Swali la magari na pikipiki za umeme si la Nairobi na Mombasa peke yake. Twautazama leo mji mdogo wa Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni, ulio takriban nusu ya njia baina ya miji hiyo miwili, ambako wasafiri wamezoea kushuka, kula na kunyoosha miguu. Safari nzima ni kilomita 480 hivi, na gari dogo la umeme lenye betri ya yuniti 40 haliwezi kuumaliza mwendo huo pasipo kujazwa njiani. Basi mji huu umejikuta, bila kuomba, ndani ya jambo kubwa.

Njia za kujaza ni tatu. Ya kwanza ni soketi ya kawaida ya ukutani, itoayo kilowati 3 hivi; gari tulilolitaja litakaa hapo zaidi ya saa 13. Ya pili ni mtambo wa kasi wa kilowati 50, uwezao kujaza sehemu kubwa ya betri kwa muda wa saa moja hivi. Lakini mtambo huo ni ghali, nao hutaka transfoma na nyaya ziwezazo kubeba mzigo wake. Ya tatu ni kubadilisha betri: mwendesha pikipiki huiacha iliyokwisha, akachukua iliyojaa, akaenda zake baada ya dakika chache.

Wako watakaosema kwamba mtambo wa kasi ndio maendeleo, na kwa hiyo utangulie. Sisi twaona vingine. Mtambo huo utamfaa mgeni mwenye gari, naye akingoja atakula na kununua. Faida hiyo itamwingilia mwenye hoteli na mwenye kituo cha mafuta. Haki basi ni wao wabebe gharama. Fedha ya umma yapasa kumtazama kwanza mkazi aamkaye alfajiri kutafuta riziki kwa bodaboda.

Hesabu yake ni hii. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati ya Kenya iliidhinisha bei maalum ya umeme wa usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni machache, kabla ya kodi na ada nyingine. Betri ya pikipiki ya yuniti 3, ikijazwa saa hizo, ni shilingi 24. Kila mwendesha pikipiki ajua lita moja ya petroli ni mara ngapi ya fedha hiyo. Tena petroli yote hununuliwa ng'ambo, ilhali umeme mwingi wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, mito na upepo wa nchini. Lakini bei hiyo nafuu haiji kwa mita ya kawaida ya nyumbani. Mtu mmoja mmoja ataikosa. Waliounganika wataweza kuipata.

Kubadilisha betri kuna wema wake, kwani humwondolea mnyonge mzigo wa kununua betri. Hata hivyo, betri ikiwa ya kampuni moja, na pikipiki haikubali nyingine, mwenye pikipiki atabaki mateka: bei ikipanda hana pa kukimbilia, kituo kikifungwa chombo chake ni chuma kitupu.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kaunti ijenge kibanda chenye soketi za usiku, mita yake na mlinzi wake, kiendeshwe na chama cha ushirika cha waendesha bodaboda wenyewe. Kampuni yoyote ipewayo kiwanja cha umma ikubali betri zinazoingiliana na za wengine. Na mtambo wa kasi utakapokuja uwe na plagi za aina zote, kwa maana gari la Japani, la Ulaya na la China hayana tundu moja.

Mgeni apokewe vyema. Lakini mwenye nyumba asilale gizani ili mgeni apate taa.