Revolveri ya mfukoni: nani fundi wake?

Wandugu watumikaji, na ninyi mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwezi wa kumi 2014, swali moja linafika dispanseri tena na tena, kwa sauti ya chini, mtu akiisha kupokea dawa yake ya malaria: «Muganga, nikipata revolveri ndogo ya mfukoni, si nitalala vizuri?» Wengine wanataka kujua namna ya kuisafisha, kwa sababu mkubwa wao amewaachia moja yenye kutu, iliyobaki tangu vita vya zamani.

Mimi si askari, wala si fundi wa silaha. Lakini mbele ya kila chombo kinachoweza kuua, kazi yangu ni kuuliza mambo mawili: nani anakitunza? Na kikikosea, nani anaumia? Jibu langu nalisema wazi tangu mwanzo: bunduki usiyoweza kuitunza isiingie nyumbani mwako. Na hapa kwetu, kati ya Butembo na Beni, mtumikaji wa kawaida hawezi kuitunza.

TAA INA FUNDI WAKE

Ndugu mchimbaji, kwa nini unaiamini taa ya kichwani unaposhuka shimoni? Kwa sababu ina namba, ina fundi, ina meza ya kupimiwa. Jioni unairudisha, usiku inajazwa umeme, asubuhi inajaribiwa. Ikiwa na kasoro, fundi anaiweka pembeni na kukupa nyingine. Nguvu ya taa haiko ndani ya taa peke yake. Iko katika ile desturi ya kuiangalia kila siku.

Sasa tazama ile revolveri. Imenunuliwa gizani, haina karatasi, haina vipuri, na mwenyewe haonyeshi mtu yeyote. Itapimwa na nani?

WEPESI UNA BEI YAKE

Revolveri ni kazi ya zamani: Samuel Colt wa Marekani aliiandikisha kwao mwaka 1836. Lakini zile nyepesi za mfukoni zilikuja baadaye sana. Mwaka 1950 kampani ya Colt ilitoa ile iitwayo Cobra, yenye mwili wa aluminiamu badala ya chuma, na uzito wake haukufika nusu kilo. Smith & Wesson wakafuata mwaka 1952 na zile za jina la Airweight. Katika za kwanza hata silinda, yaani lile gurudumu linaloshika risasi, ilikuwa ya aluminiamu. Silinda hizo zikaanza kupasuka, na waliozitengeneza wakarudia silinda ya chuma. Fikirini basi: ikiwa wenye viwanda na vipimo walikosea wepesi, mtu wa kuuza chini ya meza atajua nini?

Chombo chepesi kinapiga mkono kwa nguvu zaidi kinapofyatuka, na mtikiso huo unarudi ndani ya chombo chenyewe. Ndiyo sababu revolveri nyepesi inataka matunzo zaidi kuliko ile nzito.

MAGONJWA YAKE NA DAWA ZAKE

Kila ugonjwa nitauandika na dawa yake, nanyi mtajipimia wenyewe kama dawa hiyo inapatikana kwetu.

1. Kutu. Mtutu na silinda ni chuma. Beni kuna joto na jasho. Butembo kuna ukungu na mvua karibu mwaka mzima. Mfuko wa suruali ni unyevu siku zote. Dawa: kuipangusa kila siku na kutia tone dogo la mafuta. Lakini mafuta yakizidi yanaingia kwenye risasi, baruti inalala, na siku ya kuhitajika unasikia «tik» tu.

2. Vumbi la mfuko. Nyuzi za nguo, tumbako na mchanga vinajikusanya kwenye nyundo na chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje. Uchafu mdogo chini ya nyota unazuia silinda isizunguke. Dawa: brashi, na ala ya ngozi inayofunika kifyatulio, ndani ya mfuko usio na ufunguo wala sarafu.

3. Visi kulegea. Mtikiso unalegeza zile visi za ubavuni. Dawa: turnavisi inayolingana sawasawa na kichwa cha visi. Ile ya kutengenezea pikipiki inakula kichwa cha visi na kukwaruza aluminiamu. Karatasi ya msasa nayo ni adui: inaondoa ngozi ngumu inayolinda aluminiamu.

4. Risasi kusogea. Katika revolveri nyepesi sana, mpigo wa risasi ya kwanza unaweza kuvuta vichwa vya risasi zilizobaki vikatoka mbele kidogo na kufunga silinda. Dawa: risasi zilizobanwa vizuri kiwandani, za kipimo chake hasa. Risasi yenye nguvu kupita kipimo inaweza kupasua chombo mkononi.

5. Risasi kukawia. Umefyatua, hakuna kitu. Usiigeuze kuichungulia! Ielekeze mahali pasipo mtu, uhesabu hadi 30, ndipo ufungue. Na ikitoa sauti hafifu kuliko kawaida, acha kabisa: huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikifuata mtutu utapasuka.

6. Silinda na mtutu kutoelekeana. Chombo kikichakaa, tundu la silinda haliko tena sawasawa na mtutu, na vipande vya risasi vinaruka pembeni. Huu hauna dawa ya nyumbani. Unataka fundi mwenye vipimo.

Basi, wandugu, hesabuni: fundi, vipuri, risasi za kipimo, mahali pa kujaribia. Mtu wa kartie hana hata kimoja kwa njia halali. Aliyonayo ni nusu ya chombo, na nusu hiyo ni ile inayoua.

«LAKINI MUGANGA, WAO WANA SILAHA»

Neno hili sitalipita haraka, kwa kuwa hofu yenu ni ya kweli. Tumezika watu wengi. Anayesafiri zile kilomita 54 hivi za barabara kati ya Butembo na Beni, au anayetoka Mangurejipa na mshahara mfukoni, hana haja ya kufundishwa hofu.

Lakini tuseme ukweli. Wanaoshambulia vijiji huja wengi, wenye bunduki za vita. Revolveri ina risasi tano au sita, na mtutu wake mfupi hauna shabaha mbali ya hatua chache, tena mikononi mwa mtu aliyeamshwa usingizini. Mwizi wa usiku naye akijua unayo, atakuja kuitafuta hiyo yenyewe. Na kwenye bariere, askari akiikuta mfukoni mwako bila karatasi, hataona baba anayelinda watoto wake, ataona mwasi. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai ruhusa ya serikali, na tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipowekwa Kivu ya Kaskazini, kesi kama hiyo si ya kuchezea.

Adui huja siku asiyojulikana, labda asije kamwe. Lakini mtoto wa miaka minne yuko nyumbani kila siku, na anajua unapoficha vitu. Mume aliyekunywa yuko nyumbani. Kijana aliyekata tamaa yuko nyumbani. Hao ndio wanaokaa karibu na ile revolveri kwa masaa yote 24.

Mlinzi mwenye nguvu kuliko risasi tano ni majirani walioamka pamoja. Filimbi moja kila nyumba, taa zenye betri, njia ya kukimbilia inayojulikana na watoto, namba za simu za mkubwa wa kartie zilizoandikwa ukutani, na safari zisizoanza jioni. Mshahara usitembee wote katika mfuko mmoja.

KWA WALE WENYE RUHUSA

Kuna wachache waliopewa silaha kwa kazi na kwa karatasi. Kwenu nasema: ifanyeni kama tunavyofanya dinamiti. Kila mchimbaji anajua detonateri hazilali stoo moja na dinamiti. Vivyo hivyo silaha ilale mahali pamoja na risasi mahali pengine, vyote chini ya kufuli. Kabla ya kusafisha, toa risasi na uzihesabu: matundu matano, risasi tano mezani, kisha uzipeleke chumba kingine. Revolveri ya zamani isiyo na kizuizi cha nyundo inaweza kufyatuka ikianguka tu. Chini ya nyundo yake tundu liwe tupu.

Msisafishie jikoni. Masizi ya risasi yana madini ya risasi, sumu inayoingia damuni na kuharibu akili za watoto. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Na siku ya mazoezi zibeni masikio: mlio wa mtutu mfupi unapita desibeli 150, na juu ya 140 sikio linaweza kuharibika kwa mlio mmoja. Masikio yenu yamekwisha kuchoshwa na mashine za kutobolea mawe, msiyaongezee mzigo.

MTU AKIPIGWA RISASI

Kwanza hakikisha hatari imepita. Tafuta tundu la kuingilia na la kutokea. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa mikono miwili, bila kuchungulia kila mara. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, vidole vitatu au vinne kutoka hapo, si juu ya kiungo; kaza kwa kijiti hadi damu isimame, na uandike saa. Usimpe chakula wala kinywaji. Mfunike asipate baridi. Usichokoe risasi kwa kisu wala kutia majani. Mpeleke mbio Kitatumba, Katwa au hospitali kuu ya Beni, hata kama jeraha linaonekana dogo. Lazima pia apate sindano ya pepopunda.

NENO LA MWISHO

Wewe uliye nayo nyumbani bila karatasi, usiibebe barabarani kwenda kuirudisha; utauawa njiani kwa kudhaniwa vibaya. Mtume kwanza mtu anayeheshimiwa, mkubwa wa kartie, padri au mchungaji, aulize mamlaka namna, mahali na saa. Kabla ya siku hiyo, toa risasi na ufungie kila kimoja mahali pake. Mwambie mke wako. Siri ndiyo inayoua watoto.

Na kesho asubuhi, utakapopokea taa yako dirishani, mshukuru yule fundi. Kisha ujiulize ile iliyo chini ya godoro imepimwa lini, na nani.