KONA YA WALIMU: Daftari Liko Wazi, Akili Iko Sokoni

Hapa Awindiri tunao watoto wa darasa la saba. PLE ina karatasi nne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Lakini mtoto akifungua daftari, mara redio, mara bodaboda, mara anaitwa kuchota maji. Jioni inaisha, hajasoma kitu.

Fimbo hairudishi akili. Tukae naye kama kocha wa mpira: kocha haingii uwanjani, anauliza na kufuatilia. Muulize, "Leo unamaliza nini?" Achague kitu kimoja, mfano hesabu tano. Halafu, "Nini kinakusumbua?" Kama ni simu, ikae kwako. Kama ni njaa, au anakumbuka vita, hapo daftari lingoje, msikilize kwanza.

Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja Italia, Francesco Cirillo, alijipimia kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kusoma, 5 kupumzika. Mdogo aanze na 10. Maji yangojee hizo dakika tu. Mwisho akuonyeshe alichofanya, umsifu.

Hata mama asiyejua kusoma anaweza kazi hii. Jaribuni, mtuletee habari. Tuonane mwezi ujao!