Kovu Peke Yake Halimtetei Mwomba Hifadhi
Mfanyakazi wa ndani anayemtoroka mwajiri wake London, pasipoti yake ikiwa imefichwa, anaweza kunyimwa hifadhi kwa kuwa tarehe anazozitaja hazilingani. Sisi madaktari twajua kwamba kiwewe huvuruga kumbukumbu. Anayemhoji huona uongo. Kwa hiyo, kumfikisha mgonjwa huyo kwa wakili kabla ya mahojiano nakuhesabu kuwa sehemu ya tiba.

Wakili naye ahitaji ripoti yetu. Itifaki ya Istanbul ya mwaka 1999, ingawa iliandikwa kwa ajili ya mateso, hutupatia ngazi za kueleza kovu linaafikiana kwa kiasi gani na maelezo. Kuandika “ana makovu mgongoni” hakutoshi. Mkalimani, tafadhali, asiwe yule “ndugu” aliyemleta kliniki.

Nawe mgonjwa, ripoti hiyo haitolewi bila ridhaa yako.